Matuta Yasiyosimama

9 Oktoba

Sasa hivi Salomé amechovya kidole kwenye sufuria ya gundi, akamshika paka masikio, akamchora msalaba kwenye paji la uso kama padri siku ya Jumatano ya Majivu. Paka amekimbilia chini ya kitanda. Mwanangu amebaki amenyoosha kidole, anashangaa muumini wake kaenda wapi. Nimecheka sana, halafu nikageuka kumwangalia mtu wa kucheka naye, nikakuta ukuta.

Edilson, mume wangu, angecheka. Kwa kuwa hayupo nimechukua daftari langu la zamani la shule na kuanza kuandika kwa upande wa nyuma. Upande wa mbele kuna hesabu za darasa la sita, zote zimekatwa kwa wino mwekundu. Sikuendelea baada ya hapo.

Leo nimepewa kazi ya majaribio. Doña Nubia, mwenye karakana ya karatasi nyuma ya kanisa, amenipa karatasi za mkonge, udongo mwekundu wa kutia rangi, na kitana cha pembe. Kazi yangu ni ardhi tu. Ardhi ndio ule uso wa kadi ya Krismasi wenye matuta, kama shamba lililolimwa. Maua makavu na nyota za Krismasi wanabandika wengine. Unapika wanga wa muhogo mpaka uwe gundi nzito, unatia udongo, unapaka, unaburuza kitana. Kadi ikikauka, matuta lazima yasimame. Ukipitisha kiganja uyasikie.

"Karatasi na rangi natoa mimi, wanga kila mtu anajitafutia," kasema doña Nubia. "Niletee fungu moja linalosimama kabla ya usiku wa mishumaa, Desemba saba, nami nakuchukua mwaka mzima. Utafanyia nyumbani, mtoto akiwa miguuni."

Mtoto akiwa miguuni. Njia nzima nimerudi na maneno hayo.

Maana mama mkwe wangu naye kasema lake. Doña Ofir ni mama yake Edilson, anakaa peke yake shambani kule juu mlimani. Wiki iliyopita aliketi hapa kitandani akagusa ukuta kwa kidole, kidole kikatoka na maji.

"Mimi sikunyang'anyi mtoto, mwanangu. Lakini tazama. Anakohoa. Baba yake yuko Chile anachuma matunda ya watu. Wewe huna kazi. Mishumaa ikifika bado huna, nampeleka kwangu juu, akae mpaka Pasaka."

Nikasema sawa. Ningesema nini? Kila alichosema ni kweli, na hilo ndilo linaloniuma.

12 Oktoba

Mvua. Matuta yamelala.

13 Oktoba

Mvua. Yamelala tena.

16 Oktoba

Nieleze vizuri, labda nikieleza nitaona. Nikiburuza kitana yanapendeza kabisa, yamejipanga, unatamani kupanda mahindi. Naziweka kadi juu ya ubao, namlisha Salomé, nafua. Nikirudi matuta yameanza kuinama. Asubuhi hakuna kitu, uso umekuwa laini kama shuka iliyonyooshwa, imebaki mistari ya rangi tu.

Nilidhani gundi ni nyepesi. Leo nimeongeza wanga mpaka mwiko ukakataa kuzunguka. Matuta yamesimama kidogo, lakini yalipokauka yakapasuka kama kisigino cha mtu asiyevaa viatu, na nilipokunja kadi yakadondoka vipande. Salomé kaviokota akamlisha paka.

19 Oktoba

Nimepeleka kadi kumi karakanani. Marleny, yule anayekata nyota, kanyanyua moja akaiweka kwenye mwanga.

"Mama Salomé, hii ni ardhi au ni ziwa?"

"Imelala kidogo."

"Imelala? Shoga, hii inakoroma!"

Wote wamecheka. Hata mimi nilicheka, ili nisionekane nimeumia. Doña Nubia hakucheka wala hakugomba. Kapitisha kiganja, akanirudishia, akasema, "Unyevu huo. Kausha ndani, mbali na ukuta." Basi. Ni mwanamke asiyepoteza neno. Natamani angegomba.

24 Oktoba

Nimeweka jiko la makaa chumbani nikazipanga kadi pembeni yake. Salomé kakohoa mpaka akatapika uji. Nimelitoa jiko nje kwenye mvua, likazima lenyewe. Kadi zimelala vilevile.

26 Oktoba

Jumamosi, siku ya soko. Doña Ofir kashuka na nyumbu wake. Kaleta jibini, ndizi, na kama kawaida mfuko wa wanga wake, mweupe hadi unaumiza macho.

"Hakuna anayenishinda kwa wanga bonde hili," kasema, na ni kweli, mikate ya jibini ya wanga wake inafura kama mashavu ya malaika. Ndio ninaotumia kwa kadi pia. Ningenunua wa dukani wa nini?

Kaziona kadi zimetandazwa kitandani. Kamchukua Salomé mapajani akamuuliza, "Unamjua ndama wa bibi? Ana doa jeupe hapa." Kamgusa pua. Salomé kasema moo.

Niliona uso wake. Amefurahi. Anaziona kadi zangu zilivyolala na anafurahi.

29 Oktoba

Nimebadilisha kitana, nimechonga kingine kwa kibuyu, meno mapana. Yamelala.

30 Oktoba

Nimepunguza udongo. Yamelala, tena yamepauka.

2 Novemba

Siku ya marehemu. Tumepeleka maua kwa mama yangu. Kaburi lake limejaa maji pembeni. Nilimwambia kuhusu kadi. Salomé kamwambia kuhusu paka.

Jioni Edilson kapiga simu. Kasema huko kuna jua mpaka saa tatu usiku. Mavuno yanaongezwa, hatarudi Krismasi, labda Machi. Nikamwambia ya mama yake na mtoto, nikamwambia kazi ya majaribio, nikaanza kumweleza jinsi matuta yanavyoinama, polepole, kama mtu anayesinzia kanisani. Nikaongea kweli, kila kitu nilichojaribu. Nilipouliza "Unanisikia?" nikagundua laini imekatika. Sijui ilikatika wapi. Inawezekana hata neno kadi hakulisikia.

Nilishika simu sikioni muda mrefu kidogo baada ya hapo, Salomé asijue.

5 Novemba

Mvua.

8 Novemba

Leo nimekaa nikafikiri bila kugusa kitu. Doña Nubia anasema ni unyevu. Lakini karakana yake nayo ina unyevu, paa linavuja juu ya ndoo mbili, na ardhi zao zinasimama. Basi kuna kitu cha nyumba hii au kitu cha mikono hii. Nikajiambia, Yurani, ondoa kimoja kwanza.

Kesho nabeba sufuria yangu ya gundi niende nayo kule.

9 Novemba

Nimebeba sufuria mikononi, Salomé mgongoni, plastiki juu ya wote. Nikaomba kona ya meza. Nikapaka kadi yangu kwa gundi yangu, na pembeni yake nikapaka nyingine kwa gundi ya doña Nubia, kwa mkono uleule na kitana kilekile. Tukasubiri tukinywa maji ya moto ya sukari guru.

Yangu ikainama. Ile nyingine ikasimama wima, kila tuta.

Nilipiga kelele! Marleny akaja mbio akidhani mtoto kaungua.

"Si nyumba yangu!" nikamwambia. "Si mikono yangu!"

"Pole, shoga," kasema. "Mvua imekuingia kichwani."

Doña Nubia kainama juu ya sufuria yangu. Kanusa. Kachovya kidole akaonja, akafumba macho.

"Huu wanga umeutoa wapi, mwanangu?"

"Kwa mama mkwe."

"Doña Ofir?" Akaketi. "Huu ni wa mkate."

Marleny alishika meza kwa kucheka. "Kapika gundi kwa wanga wa mkate! Ingia tanurini nazo, kadi zako zitafura!"

Doña Nubia kaniambia mambo ninayoyajua tangu utoto ila sikuwahi kuyaweka pamoja. Wanga wa mkate unalowekwa wiki kadhaa mpaka unachacha, ndipo unaanikwa juani. Ndiyo maana mkate unafura bila hamira. Lakini huko kuchacha kunaukata nguvu. Ukiupika gundi inaonekana nzito sufuriani, ukiipaka inakubali, halafu inaachia. Gundi inataka wanga mtamu, ule usiochacha.

"Bonde hili lote makopo yamejaa wa mkate," kasema. "Mimi wangu unatoka tambarare, miaka yote. Haikunijia hata siku moja kumwambia mtu asipike gundi kwa wanga wa mkate. Ningekuuliza mapema."

Kanipimia bakuli moja la kujaribia. Mwingine hana wa kugawa, kilichobaki ni cha karakana, na gunia lingine linakuja Ijumaa.

Nimerudi nikiimba. Salomé kaimba pia, wimbo wake.

10 Novemba

Zimesimama. Hapa hapa, kwenye chumba hiki, kwa ukuta huu. Nimemfumba Salomé macho nikampitishia kiganja chake kidogo juu ya kadi. Kasema, "Ngazi."

15 Novemba

Gunia halikuja. Mlima umeporomoka kwenye barabara kuu, magari yamekwama pande zote mbili, wanasema mpaka baada ya Krismasi. Nimezunguka maduka yote. "Wanga upo, mama." Nanusa. Wa mkate. "Upo, mama, mzuri sana." Wa mkate. Muuza duka wa mwisho kaniuliza kama nina mimba.

16 Novemba

Naujua ulipo wanga mtamu. Kila wanga wa mkate ulikuwa mtamu kabla haujalowekwa. Mihogo iko ardhini na mashine ya kukunia iko kando ya kijito, saa mbili za kupanda kutoka hapa. Mwenyewe ni doña Ofir.

Nimuombe yeye? Nimwambie nisaidie ili usimpate mtoto?

18 Novemba

Sikwenda.

19 Novemba

Sikwenda. Mvua, lakini si kwa sababu ya mvua.

21 Novemba

Doña Ofir hakushuka soko la Jumamosi iliyopita. Kamtuma jirani na mfuko wa wanga. Nimekaa kigodani nimeupakata, nikalia kidogo. Salomé kanipangusa kwa tambara la kupangusia meza.

22 Novemba

Tumepanda. Nimembeba mgongoni na njia yote ni tope, nateleza, nashika majani. Nilikuwa nimeyapanga maneno, lakini nilipofika kwenye lango yote yakaniishia.

Alikuwa amekaa mlangoni anamenya maharage kwenye sufuria kubwa, sufuria ya watu kumi. Katuona, akasimama, maharage yakamwagika. Hakuyaangalia. Kamchukua Salomé, tope na yote, akamshika hivyo.

Ndani nilikwenda kutafuta maji ya kumwosha miguu. Mlango wa chumba cha Edilson ulikuwa wazi. Kitanda chake hakipo. Pana kitanda kidogo, kipya, bado kinanuka maranda, kimepakwa rangi ya bluu mpaka chini ya miguu. Blanketi la kufuma. Kwenye ubao wa kichwani kachora ndama mwenye doa. Hajui kuchora. Anafanana na mbwa.

Nikasimama pale. Ile tarehe 26 nilisema alifurahi kwa kuwa kadi zililala. Sijui tena. Labda alikuwa anafikiria ndama.

Tulikula. Mezani ana viti sita, na kimoja tu kina mto. Nikamwambia yote, haraka haraka, nikiangalia sahani. Kwamba wanga wake ni wa mkate na gundi inaachia. Kwamba nahitaji mtamu, mbichi, na barabara imefungwa.

Kaweka kijiko chini.

"Kwa hiyo wanga wangu ndio uliokuharibia."

"Si wanga, mama. Ni mimi nilivyoutumia."

"Na nikikupa mtamu, matuta yatasimama."

"Ndiyo."

"Na yakisimama, Nubia anakuchukua."

"Ndiyo, mama."

"Na mtoto anabaki chini."

Mvua ilikuwa inapiga bati, na Salomé anaongea na kuku mlangoni, anamwambia hapana, hapana, hiki changu. Doña Ofir kamwangalia kwa muda. Nilimwona jinsi alivyozeeka shingoni. Halafu akasimama, akatungua kofia msumarini.

"Jua halipo, hatuwezi kuukausha," kasema. "Utaubeba umeloa. Hauendi mbali ukiwa umeloa, siku tatu nne unaanza kuchacha. Kwa hiyo utapanda tena, au nitashuka mimi. Shika jembe, mbona umesimama kama mgeni?"

Tumechimba mihogo kwenye mvua. Kanifundisha kuchuja kwa kitambaa na kuacha maziwa ya muhogo yatulie kwenye beseni. Baada ya muda unamwaga maji ya juu, na chini kuna keki nyeupe, ngumu, ukiigonga inalia.

"Edilson hajanipigia tangu Agosti," kasema akiwa kanipa mgongo. "Kwako anapiga?"

Nilikaribia kusema hapana. "Mara moja moja, mama. Anakusalimia."

"Muongo wewe," kasema, lakini si kwa ukali. "Hujawahi kujua kudanganya. Ndicho nilichokupendea."

Sikujua kwamba alinipenda kwa chochote.

24 Novemba

Zinasimama.

26 Novemba

Zinasimama. Wanga umeanza kunuka kidogo, nimeumaliza leo. Doña Ofir kashuka mwenyewe na keki nyingine kwenye majani ya ndizi, akanywa kahawa, akarudi kabla ya giza. Kabla hajaondoka kapitisha kiganja juu ya kadi moja, hivi, taratibu, kama anapapasa mgongo wa mnyama. "Mh," kasema. Basi.

29 Novemba

Marleny kaja hapa nyumbani! Eti kapita tu. Kaomba nimwonyeshe ninavyoburuza bila kusimama katikati. Yeye kwake anakaa na baba mgonjwa asiyesema. Kaongea mpaka sukari guru ikaisha. Nilidhani ananicheka kwa ubaya, kumbe mdomo wake siku nzima unatafuta mahali pa kwenda.

3 Desemba

Mvua. Doña Ofir kashuka tena, kaloa mpaka mifupa. Nilimkausha nywele kwa taulo la Salomé. Alikubali, katulia kama mtoto.

5 Desemba

Fungu limetimia. Nimelifunga kwa uzi wa mkonge, nikalifungua kuhakikisha, nikalifunga. Usingizi hauji vizuri.

6 Desemba

Doña Nubia kapitisha kiganja kwenye kadi moja moja, zote, huku kafumba macho. Marleny aliacha kukata nyota. Mimi nilikuwa nasikia ndoo zinavyodondokewa.

Kafungua macho. "Januari njoo mapema," kasema, "nikuonyeshe ardhi ya bluu."

Nilitoka nje. Nilitaka kumwambia mtu. Nikapiga Chile, ikaita, ikaita, ikanyamaza. Halafu nikajikuta natazama juu, kule mlimani, palipokuwa na wingu.

7 Desemba

Jioni. Barazani kote watu wanapanga mishumaa, mtaa mzima umewaka, na mvua, Mungu ni mwema, imekatika tangu mchana. Doña Ofir kafika saa kumi na nyumbu. Nilitazama nyumbu kwanza, niseme kweli. Hakuwa na kapu la kumbebea mtoto. Alikuwa na jibini tu, na keki ya wanga kwenye jani.

"Nimesikia njiani," kasema. "Nubia kamwambia kila mtu." Akanikumbatia upande, haraka, kama mtu anayepita mlango mwembamba. "Hongera, mwanangu. Nitakaa mishumaa iwake, kisha nipande."

"Gizani, mama?"

"Nyumbu anaijua njia."

Sasa wako nje wote wawili, wanawasha. Namsikia akimfundisha Salomé kuomba jambo moja kwa kila mshumaa, na Salomé anaomba ndama kwa kila mshumaa. Nimeingia kuchukua kiberiti kingine nikakaa niandike kidogo, kwa kuwa nimebaki na neno moja ambalo sijui kulisema. Nafikiria ile sufuria ya watu kumi. Nafikiria kitanda cha bluu usiku huu, kimetandikwa. Nimeshinda, mtoto ni wangu, naye anapanda mlima peke yake na amekuja kunipongeza. Kitanda changu ni kipana kwa watu watatu tukilala kiubavu, na jirani anaweza kumlishia ng'ombe hadi sikukuu ya Wafalme mwezi Januari, hata zaidi. Ila yeye hawezi kuomba, na mimi nimezoea kumwogopa, kwa hiyo lazima nilitamke mimi, tena leo, kabla hajafungua kamba ya nyumbu. Nitamwambia hivi tu: Mama, usipande, baki na sisi, kwa sababu mimi pia jioni nikicheka nageuka na hakuna mtu...

"Yurani! Wewe mwanangu, umelala na kiberiti? Njoo, upepo unatuzimia, na mtoto anasema bila mama hatuwashi!" Ni doña Ofir huyo ananiita; naenda sasa hivi kumwambia.